Vishomoro kwenye sufuria: jina la chakula linakuambia nini, na halikuambii nini

Mwambie mkulima wa mpunga wa Mbuchi kwamba kuna watu huko Ujerumani wanakula "vishomoro" kwa adesi, na kwamba jina la chakula hicho linalindwa kisheria. Atakutazama mara mbili. Kwake yeye shomoro na kwelea kwelea ni wezi. Mpunga ukishaanza kushika punje, mtu anapanda kwenye dungu, anakaa juu kuanzia alfajiri, anapiga makelele na makopo mpaka jua linazama. Ndege wa namna hiyo unamfukuza, humkaribishi mezani.

Tulia, hakuna ndege anayechinjwa. Chakula chenyewe kinaitwa Spätzle, tamka "shpetsle". Ni vipande vidogo vya unga wa ngano uliokorogwa kwa mayai, chumvi na maji au maziwa, vinavyochemshwa kwenye maji ya moto. Ni ndugu wa tambi, ila vifupi, vinene, na havilingani umbo. Kwao ni Schwaben, eneo la kusini magharibi mwa Ujerumani ambako ndiko uliko mji wa Stuttgart.

Sasa utauliza: sisi wa huku Kibiti, wenye wali na samaki, inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, jina hilo limeundwa kwa njia ambayo msemaji wa Kiswahili anaijua tangu utotoni. Pili, ukitaka kujua kwa nini wao wanaweza kudondosha unga kwenye maji yanayochemka na ukabaki kipande, wakati wewe ukidondosha rojo la vitumbua unapata uji, itabidi uielewe ngano na uuelewe mchele. Na hapo ndipo utaona kwamba mama muuza vitumbua anajua sayansi ambayo hajawahi kuulizwa.

Kishomoro ni "ki" yao

Kwa Kijerumani, Spatz ni shomoro. Ile "le" ya mwisho ni alama ya udogo katika lahaja ya Schwaben. Kwa hiyo Spätzle ukiitafsiri neno kwa neno ni "kishomoro" au "vishomoro", maana neno hilo halibadiliki kati ya umoja na wingi.

Sisi alama ya udogo tunaiweka mbele. Mlima ukiwa mdogo ni kilima, mji ukiwa mdogo ni kijiji, mto ukiwa mdogo ni kijito, na mtu wa Delta ya Rufiji hahitaji kufundishwa tofauti ya mto na kijito. Wao wanaiweka nyuma. Kazi ni ile ile.

Kuna tofauti moja ya ladha. "Ki" yetu inaweza kubeba dharau: kijitu, kizee. Ile "le" ya Schwaben mara nyingi inabeba mapenzi, kama mtu anavyomwita mtoto kwa jina la kumdekeza. Halafu tuwe makini: si kila neno la ngeli ya ki-vi ni dogo. Kiti si mti mdogo, na kitabu hakina "tabu" kubwa. Kwa hiyo usikimbilie kusema kitumbua ni "tumbua dogo". Ngeli inakupa dokezo tu, haikupi ushahidi.

Kwa nini shomoro? Maelezo yanayosikika sana ni mawili. La kwanza linasema zamani vipande hivi vilifinyangwa kwa mkono au kijiko, na donge likikaa kiganjani lilifanana na ndege mdogo aliyejikunyata. La pili linasema jina limetoka kwa Waitaliano, kwenye kitenzi spezzare, yaani kuvunja au kukata vipande, na shomoro akaingia baadaye kwa sababu ya sauti kufanana. Jina la pili la chakula hicho hicho linaegemea upande wa umbo: vikiwa vya mviringo huitwa Knöpfle, yaani vifungo vidogo, vifungo hivi hivi vya shati.

Wengine waliitaje?

Ukiangalia vyakula vya unga sehemu mbalimbali, utaona watu wengi walifanya kile kile. Walitazama kitu kilivyo, wakakifananisha na kitu kingine wanachokijua.

Waitaliano wana vermicelli, maana yake minyoo midogo. Usicheke, watu wanakula kwa raha zao. Wana orecchiette, yaani visikio, na farfalle, yaani vipepeo.

Sisi tuna tambi. Hebu lisikilize tena neno hilo. Utambi ni uzi wa kwenye taa ya mafuta au koroboi, na wingi wa utambi ni tambi. Kile chakula chembamba kirefu tunachokikaanga kwa sukari na iliki wakati wa futari kina jina lile lile la nyuzi za taa. Mjerumani aliona ndege, Mwitaliano akaona mnyoo, Mswahili akaona utambi. Kila mmoja alichukua kilichokuwa karibu na macho yake.

Kaimati nazo zina hadithi ya udogo. Neno linatokana na Kiarabu luqaymat, na hilo ni umbo la kudogosha la luqma, yaani tonge. Kwa hiyo kaimati ni "vitonge". Ni chakula cha safari ndefu: kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 kinataja tonge za aina hiyo, Waturuki wana lokma, na Wagiriki wana loukoumades. Kwetu sauti ya mwanzo ilidondoka njiani, utamu wa shira ukabaki.

Na mkate wa kumimina? Huo umepewa jina kwa kitendo. Hukandwi wala hausukumwi, unamiminwa.

Tukipanga vizuri: tambi ni jina la umbo, kaimati ni jina la ukubwa, mkate wa kumimina ni jina la kitendo, Spätzle ni jina la mfano. Umeona kinachokosekana? Hakuna hata moja linalokuambia ndani yake kuna nini. Tambi zinaweza kuwa za ngano, zinaweza kuwa za mchele. Umbo ni lile lile, jina ni lile lile, na vilivyomo ni tofauti kabisa.

Wajerumani walifika, vishomoro havikubaki

Wajerumani si wageni wa Delta. Mwaka 1898 serikali yao ya kikoloni ilitangaza misitu ya mikoko ya huku kuwa hifadhi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, meli yao ya kivita Königsberg ilijificha kwenye vijito hivi hivi, ikazingirwa kwa miezi mingi, mwisho wake ukafika Julai 1915. Lugha yao nayo iliacha alama: shule ni neno lao Schule, na hela ni sarafu yao Heller.

Lakini jikoni mwetu majina mengi ya kigeni yalikuja na upepo wa Bahari ya Hindi. Chapati imetoka Bara Hindi, kaimati Arabuni, na sambusa na pilau zilipitia huko huko. Jina la chakula linahitaji mtu wa kulipika, wa kuliuza na wa kulila mara kwa mara. Tawala zinaweza kuleta shule na sarafu kwa amri, ila kitoweo hakiingii kwa amri.

Na kwa upande wetu, palipo na kitu tunachoishi nacho, tumekipa majina mpaka kikatosha. Kwa Kijerumani ni Reis shambani, Reis dukani na Reis kwenye sahani. Kwetu ukiwa shambani au una maganda ni mpunga, ukikobolewa ni mchele, ukipikwa ni wali. Punje zikivunjika ni chenga, maganda yaliyosagika ni pumba, kilichogandia chini ya sufuria ni ukoko. Watu wa Schwaben wamefanya hivyo hivyo kwa unga wa ngano.

Sasa tuingie kwenye sufuria

Mpishi wa Schwaben anakoroga unga, mayai na chumvi mpaka rojo liwe zito na linatanuka likivutwa. Analipigapiga kwa mwiko mpaka vipovu vitokee. Kisha analitandaza kwenye ubao mdogo uliolowa, na kwa kisu anakwangua vipande vyembamba moja kwa moja kwenye maji ya chumvi yanayochemka. Wengine wanatumia chombo cha kukamulia chenye matundu. Vipande vinazama, baada ya muda mfupi vinaelea, vinaopolewa. Basi.

Kwa nini havisambaratiki? Kuna vitu vitatu vinafanya kazi pamoja.

Cha kwanza ni gluteni. Unga wa ngano una protini mbili, gliadini na glutenini. Zikiwa kavu zimekaa tu. Zikipata maji na kukorogwa zinashikana na kutengeneza wavu unaovutika. Wavu huo ndio gluteni, na ndio unaofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Ule upigaji wa mwiko mpaka vipovu ni kazi ya kuujenga wavu huo.

Cha pili ni yai. Protini za yai zinaanza kuganda kati ya nyuzi joto 60 na 70, na maji yanayochemka yako 100. Kwa hiyo kipande kikigusa maji, ngozi yake ya nje inaganda haraka sana kabla maji hayajaingia na kukibomoa.

Cha tatu ni wanga. Chembe za wanga zikipata joto na maji zinanywa maji, zinavimba, na rojo linakuwa zito. Ndiyo maana uji unashika. Ndani ya kipande cha Spätzle wanga unavimba ukiwa tayari umefungiwa na gluteni na yai, hauna pa kukimbilia.

Na kuelea? Vile vipovu vya hewa vilivyonaswa vinatanuka kwa joto, mvuke nao unaongezeka, kipande kinakuwa chepesi kuliko maji kwa ukubwa ule ule. Kwa hiyo kuelea ni dalili kwamba joto limefika ndani. Kanuni hii ni ile ile inayofanya mtumbwi uelee, ni uzito ukilinganishwa na nafasi kitu kinachochukua.

Mchele unakataa, na mama wa vitumbua ana jibu

Jaribu nyumbani, gharama yake ni ndogo. Chukua kijiko cha rojo la vitumbua, kidondoshe kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Kitaanza kusambaa, na ukikoroga kidogo utapata uji mwepesi wenye mabonge. Mchele una protini, kwa kawaida kiasi cha asilimia 7 hivi, lakini si zile zinazojenga wavu wa gluteni. Wanga wake unahitaji muda uvimbe na kushika, na maji yanayochemka hayatoi muda. Kabla haujashika, umeshasambaa.

Sasa fikiria kitumbua kinavyopikwa. Mchele unalowekwa, unasagwa, unachanganywa na tui la nazi, sukari, iliki na hamira, unaachwa uumuke. Hamira inakula sukari na kutoa hewa ukaa. Kwenye donge la ngano hewa hiyo inanaswa na wavu wa gluteni. Kwenye mchele hakuna wavu, kwa hiyo kinachoinasa ni uzito wa rojo lenyewe. Likiwa jepesi mno hewa inatoroka, vitumbua vinalala. Likiwa zito mno havitanuki.

Ndiyo maana wapo wapishi wanaochota sehemu ndogo ya ule unga, wanaupika uji kwanza, halafu wanaurudisha kwenye rojo. Wengine wanasaga mchele pamoja na wali kidogo. Ukiwauliza watakuambia "inafanya vitumbua vishike". Kwa lugha ya maabara tunasema wameongeza wanga ambao tayari umevimba, nao unaongeza unato na kuzuia vipovu. Kauli mbili, jambo moja. Wapishi wa tambi za mchele huko Asia nao wanategemea mlango huo huo: wanga unapikwa kwanza, kwa mvuke au kwa maji, ndipo tambi zikapata umbo.

Halafu kuna kikaango chenyewe. Kina vishimo. Rojo linamiminwa ndani ya kishimo chenye mafuta ya moto, na kishimo kinalishikilia lisisambae mpaka wanga uvimbe na kuganda. Kisha kinageuzwa kwa kijiti, upande wa pili unaiva. Yaani kazi ambayo gluteni na yai vinaifanya ndani ya kipande cha Spätzle, kwa kitumbua imehamishiwa kwenye chuma. Unga hauwezi kujishika wenyewe, basi umepewa kitu cha kuushika. Mkate wa kumimina nao unalelewa na chombo chake vivyo hivyo.

Kwa hiyo mtu akikuambia badilisha tu unga, weka wa mchele mahali pa ngano, muulize: na kilichokuwa kinashika umbo, umekibadilisha na nini? Ukiongeza yai kwenye rojo la mchele likawa zito, utaona linavumilia maji ya moto vizuri zaidi. Usipoongeza chochote, tafuta kikaango chenye vishimo.

Kwa nini jambo hili si la mzaha

Kuna ugonjwa unaoitwa seliaki. Mwenye nao akila gluteni, kinga ya mwili wake mwenyewe inashambulia ukuta wa utumbo mwembamba, na chakula hakifyonzwi vizuri. Anaweza kuharisha, kukonda au kuishiwa damu, na mtoto anaweza kudumaa. Dawa kuu ni moja: kuacha ngano, shayiri na rai maisha yake yote. Mchele hauna gluteni, kwa hiyo kwa mtu huyo wali wa Mbuchi ni salama.

Vitumbua je? Hapa ndipo jina linaweza kumponza. Wapo wanaotia unga wa ngano kidogo kwenye rojo la vitumbua ili vishike haraka na vivimbe. Mpishi hajakosea, ametafuta gluteni bila kuiita gluteni. Kwa wengi wetu ni ladha tu, kwa mwenye seliaki ni sumu. Kitumbua chenye ngano na kisicho na ngano vina umbo moja, rangi moja na jina moja. Tambi hivyo hivyo. Anayeuza hadanganyi, jina ndilo halikuwahi kuahidi kusema kilichomo.

Kuna na upande wa mfuko. Sehemu kubwa ya ngano tunayotumia Tanzania inatoka nje ya nchi, kwa hiyo bei yake dukani inafuata mambo ya mbali: vita, meli, dola. Mpunga wa Delta unafuata mambo ya karibu: maji matamu ya Mto Rufiji, chumvi ya bahari inayopanda na maji kujaa, ndege, na mvutano wa miaka mingi kati ya shamba la mpunga na msitu wa mikoko. Hakuna kilicho rahisi kati ya viwili hivyo. Ila anayejua kukifanya mchele ushike bila msaada wa ngano ana nafasi ya kuchagua siku bei ya unga ikipanda.

Na jina nalo ni mali. Tangu mwaka 2012 Umoja wa Ulaya umesajili jina "Schwäbische Spätzle" kama la asili ya mahali. Mtu wa nchi nyingine ya Umoja huo hawezi kupika vipande vyake, akabandika jina hilo na kuuza. Watu wa Schwaben walianza na ndege mdogo wa kwenye paa, wamemaliza na haki ya kisheria. Kwetu, muuza mchele sokoni Dar es Salaam akisema "wa Kyela" anajua mteja atasimama. Jina la mahali tayari linafanya kazi hata kabla ya karatasi. Mchele wa Delta unaosafiri kwa boti, ukapita Kibiti na kwenda zake mjini, unastahili kufika ukiwa bado unatajwa kwao ni wapi.

Ukienda asubuhi kununua vitumbua, fanya mambo mawili. Muulize mama kama ametia ngano, na kama hajatia, muulize anafanyaje mpaka vikashika. Swali la kwanza linaweza kumsaidia mgonjwa. La pili litakupa somo la wanga na unato kuliko kurasa nyingi za kitabu cha kemia, na utalila likiwa la moto.